Mji Aliopewa Mama Kuka

Kijana aliyesimama mbele kabisa ya jukwaa alikuwa amevaa fulana yenye jina la mji ambao hakuna mtu ukumbini aliyewahi kuufikia. Herufi zake zilikuwa nyekundu, nene, zimetanda kifuani kutoka kwapa hadi kwapa: TANGIRO. Alikuwa mtoto wa Kizungu mwenye nywele rangi ya mabua, na kila mwimbaji, Lyse Arakaza, alipoukaribia ubeti wenye jina hilo, kijana alishika pindo la fulana kwa mikono miwili akaivuta chini, jina lisije likaingia mikunjo.

Lyse alimwona, akacheka moyoni. Ukumbi ule wa Parramatta, pembezoni mwa Sydney, ulikuwa umejaa hadi mlangoni, na fulana za namna ile zilikuwa nyingi. Meneja wake, Mkenya aitwaye Gitonga, ndiye aliyezichapisha. Wimbo ni mtoto wa ajabu: kadiri walezi wake wanavyozidi, ndivyo mama yake anavyosahauliwa. Lakini siku ile Lyse hakuliwaza hilo. Aliwaza tu kwamba watu wakikubali kuuvaa mji vifuani, mji wenyewe haujafa.

Nyimbo alizoimba zilikuwa za Kimeksiko, lakini yeye hakuzaliwa Meksiko, wala hakuna wa kwao aliyezaliwa huko. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi upande wa Kasulu, Tanzania, kwa Warundi waliokimbia vita, akaletwa Sydney meno ya utoto yakiwa bado kinywani. Mama yake alibaki kwenye makaburi ya kambini. Aliyemleta ni bibi yake, Emerance, pamoja na mjomba wake Térence. Walipewa nyumba mtaa wa Fairfield, na ng'ambo ya ua wa mbao alikaa mjane wa Kimeksiko, María del Refugio, ambaye wenzake walimwita Kuka, kwa ada yao ya kuyakata majina, na Warundi wakamwongezea Mama, kwa ada yao ya kuyarefusha. Bibi Emerance alikuwa akiondoka alfajiri kwenda kiwanda cha kuku. Ua ulikuwa na ubao mmoja uliokatika, na kwa tundu hilo mtoto alipitishwa kila asubuhi kama kapu, akapokelewa upande wa pili.

Upande wa pili kulikuwa na nyimbo. Huapango ndilo jina lake, muziki wa mabonde yenye mvua, mashariki ya Meksiko: fidla moja, magitaa mawili, na sauti inayokwenda vizuri kwa miguu kisha ghafla inavunjika na kuruka juu, kama ndege aliyetupiwa jiwe. Mama Kuka alikuwa akiimba huku akimenya viazi. Mtoto akaiga fidla kwa mdomo, akaiga magitaa kwa vidole mezani, mwisho akaiga na ule mvunjiko. Mara ya kwanza aliogopa, akadhani ameharibu kitu kooni.

"Usiiogope," Mama Kuka alimwambia. "Hiyo sauti imetengenezwa ivunjike."

Mama Kuka alipofariki, Lyse alikuwa msichana wa shule, na nyimbo zote zikabaki kwake kama vyombo vya marehemu visivyo na mrithi. Akakua nazo. Akazitia besi na ngoma za mashine, akaiacha fidla juu peke yake, inalia kama ilivyolia tangu zamani, na vijana wa Sydney wasiojua neno la Kihispania wakacheza hadi jasho likawatoka. Wameksiko wa mjini walimtazama kwanza kwa kona ya jicho. Mwafrika, na nyimbo za nyanya zetu? Kisha siku moja mzee mmoja mwenye kofia mkononi alimfuata nyuma ya jukwaa akamshika tu viwiko. Tangu hapo magazeti yakaandika kwamba Lyse Arakaza amefufua kilichokuwa kimezikwa.

Na wimbo uliofufuka kuliko zote ulikuwa huu wa miji. Haukuwamo katika kanda yoyote wala kitabu chochote cha wataalamu. Mama Kuka pekee ndiye aliyeuimba, na ukiutia katika Kiswahili ubeti wake unasema:

Niliutoa Tamuín, niliutoa Tanquián,
na Tantoyuca nao, wakaondoka nao;
uliobaki mkononi ni Tangiro,
na Tangiro siutoi, hata kwa dhahabu.

Wasomi walisema ni kilio cha wakulima walionyang'anywa ardhi na mabwana wa mashamba. Lyse aliwaamini. Kila alipolifikia jina la mwisho, hapo ndipo alipoiacha sauti ivunjike, akalivuta lile *Ta* hadi likawa uzi, na watu wakanyamaza.

*

Siku chache baada ya onyesho la Parramatta, alipigiwa simu ya video kutoka Meksiko. Alikuwa Bi Ofelia Barragán, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, mkurugenzi wa tamasha la huapango katika mji mdogo wa mabondeni kule zilikozaliwa nyimbo zenyewe. Tangu mwaka uliopita alikuwa amemwalika Lyse. Kuimba huapango Sydney ni jambo. Kuiimba huko, mbele ya wenyewe, ni kama mgeni kuombwa aongoze dua ya wenyeji.

"Binti yangu," Bi Ofelia alisema, "tumeutafuta mji wako. Kwetu majina yanayoanza na Tam na Tan ni mengi kama mbegu za boga. Tumetazama ramani za zamani, za makanisa, za mashamba. Hakuna Tangiro."

Lyse aliisogeza simu karibu.

"Hiyo ndiyo habari njema," mama yule akaendelea. "Maana yake umepotea kabisa, na mwalimu wako ndiye aliyeubeba. Kamati imekubali. Tamasha zima la mwaka huu litaitwa Tangiro, na wewe ndiye utakayelifungua. Kitu kimoja tu. Watu wataniuliza, nami sipendi kubuni. Mwalimu wako aliupata wapi? Kwa mama yake? Kwa nyanya yake? Muulize yeyote aliyemjua."

Aliyemjua Mama Kuka na kubaki hai alikuwa mmoja tu.

*

Bibi Emerance alikuwa amehamia Penrith kwa Térence, kwenye nyumba yenye uwanja nyuma, ambako alipanda maharagwe na lengalenga, mchicha wa kwao, hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo. Lyse alimkuta ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anachambua mboga. Bibi hakuinua uso.

"Kitendawili."

"Tega, Bibi."

"Kila asubuhi anawameza, kila jioni anawatapika, na hanenepi."

"Treni."

"Hiyo usingeweza kushindwa. Imekutapika sasa hivi." Akamtazama mjukuu wake kuanzia viatu. "Umekonda. Hao Wameksiko wako hawapiki?"

"Wanapika, Bibi. Ni mimi sina muda wa kula."

"Asiye na muda wa kula ana muda wa kuugua. Kaa."

Lyse akakaa kwenye majani. Walizungumza habari za kwaya ya kanisa, za magoti ya Bibi, za watoto wa Térence ambao Bibi akiwatuma kwa Kiswahili wanaitikia kwa Kiingereza, na wakiitwa mara ya pili hawaitikii kwa lugha yoyote. Bibi hakuwahi kuingia kumbi za mjukuu wake. Alisema mahali panapouzwa bia si pa mama wa kanisa. Nyimbo zenyewe alizisikia kupitia simu ya Térence, na alizisikia kama mtu anavyosikia mvua: anajua inanyesha, haulizi inasema nini.

Ndipo Lyse alipotoa zawadi aliyomletea. Ilikuwa fulana, mpya, saizi kubwa, ya kuvaa bustanini.

Bibi alikuwa amesoma shule ya msingi tu, na aliisoma vizuri. Akaiweka fulana magotini, akafuata herufi kwa kidole chenye rangi ya mboga. "Ta," alisema. "Ngi." Kidole kikasimama. Silabi ya tatu hakuitamka. Mbwa wa jirani alibweka, akaacha, akabweka tena. Bibi aliigeuza fulana ndani nje, herufi zikaingia upande wa mwilini, akaikunja mara nne, akaikalia.

"Nani amekwambia?" aliuliza.

"Kuniambia nini?"

"Térence hajui. Mama yako hakujua, nilimzaa tukiwa tumekwishahama. Nani amekwambia?"

"Ni wimbo, Bibi. Wimbo wa Mama Kuka. Ni mji wa kwao Meksiko."

Bibi alimtazama, na uso wake ukafanya jambo ambalo Lyse hakuwahi kuliona: ulicheka upande mmoja, upande mwingine ukakataa.

"Wa kwao," alisema. "Kweli. Ni wake. Nilimpa."

Kisha akaeleza, polepole, mikono ikiendelea kutenganisha majani na vijiti kana kwamba mikono yenyewe ni ya mtu mwingine. Siku za Jumapili, baada ya kanisa, yeye na Mama Kuka walikuwa wakisimama kila mtu upande wake wa ua, wanategeana vitendawili. Lugha hawakuwa nayo. Walikuwa na Kiingereza cha kiwandani, maneno kama kisu na haraka na usiguse, na mengine waliyamaliza kwa vidole. Mchezo Bibi aliufundisha kama alivyofundishwa Tanzania: mwenye kutega anatega, ukishindwa, unampa mji, akiukubali, anakwambia jibu.

"Alishindwa sana, maskini," Bibi alisema. "Vyangu vilikuwa vigumu. Akanipa mji huu, akanipa na ule. Majina ya kwao, yananata mdomoni kama uji wa moto. Tamu nini. Tanki nini."

"Tamuín," Lyse alisema. "Tanquián."

"Hiyo hiyo. Ninayo yote. Mimi ni tajiri huko Meksiko." Akatikisa sinia ya mboga. "Siku moja akanitegea yeye. Akafanya hivi na hivi, kama anavaa nguo juu ya nguo. Halafu akavua, akavua, akavua. Halafu akacheka, meno yote nje. Nilizaliwa na nguo nyingi, nikivuliwa nacheka."

Lyse alitafuta. "Hindi," alisema. "Hindi la gunzi."

"Hindi. Mtoto wa Sydney umejua."

"Na wewe ulishindwa?"

Bibi aliacha kuchambua. "Nimelima mahindi tangu nikiwa na nguvu za kushika jembe. Nimeyapanda, nimeyapalilia, nimeyamenya, nimeyatwanga. Nishindwe na hindi?" Alipunguza sauti, ingawa uwanjani hawakuwapo ila wao wawili. "Nilijua hata kabla hajamaliza kuvua. Nikasema sijui. Nikasema, nakupa mji. Akasema, nipe. Nikampa Tangiro."

Kwa Warundi hakuna miji, kuna milima; mtu ni wa mlima wake kama jani lilivyo la mti wake. Lyse alikuwa ameuliza utotoni: Bibi, mlima wetu ni upi? Na Bibi alijibu kila mara: Makamba, jina la mkoa, jibu pana kama blanketi, lililofunika kila kitu. Sasa akamweleza kilichokuwa chini ya blanketi, kwa sentensi tatu au nne. Nani walikuja. Walikuja kutoka mlima wa jirani, watu waliokuwa wakiombana moto. Babu yake Lyse alikuwa wapi siku ile, na kaka zake babu, na yule mtoto wa kwanza wa Bibi ambaye Lyse hakujua kama aliwahi kuwapo. Baadaye ndugu mmoja alipita pale akaona migomba imemea juu ya misingi ya nyumba, na jina lenyewe wakuu wameliunganisha na la mlima mwingine. Hakuna anayelitumia.

"Mji ukishautoa si wako," Bibi alisema. "Hiyo ndiyo sheria. Jina lile nilikuwa nalo usiku, nalo mchana, hadi kiwandani nikichinja kuku nalo liko. Nikasema nimpe huyu, hajui kitu, kwake litakuwa jina tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, sivyo? Akaniuliza kwa mikono, mzuri? Nikamwambia, mzuri, una ndizi. Akaushika kifuani hivi, akasema, wangu. Siku ile nililala. Mwanangu, nililala hadi Térence akaja kuniangalia kama napumua."

"Bibi, sikujua."

"Najua. Mtoto akiokota kitu njiani hawezi kujua kama kimedondoka au kimetupwa."

Aliinuka kwenye ndoo, akiwa na fulana mkononi, akaangalia mahali pa kuiweka. Aliangalia jikoni, akaangalia kamba ya nguo, akaangalia pipa la taka, akairudisha chini ya kwapa.

*

Ndani ya treni ya kurudi, Lyse aliegemeza kichwa dirishani. Wahudumu wa nyumba za wazee waliokuwa wanakwenda zamu walikuwa wakizungumza Kiswahili cha Bukavu viti vya nyuma, wanamsengenya bosi wao, na kicheko chao kilimfikia kama kelele za nyumba anayoipita mtu aliyefiwa. Kilichomchoma si kile alichokisikia peke yake. Kilichomchoma ni kwamba wazo lake la kwanza, Bibi akiwa bado anazungumza, halikuwa la babu wala la yule mtoto. Lilikuwa la Bi Ofelia. Alikuwa amewaza: nitamwambia nini?

Angeweza kusema sijui. Angeweza kusema ni mji wa nyanya wa Mama Kuka, na nani angebisha? Lakini sasa kila alipolitamka jina hilo moyoni, halikuvunjika kwa utamu wa koo. Lilikuwa na ndizi, na lilikuwa na majirani wanaokuja.

Akampigia Bi Ofelia, akamweleza kweli. Si yote, ila kwamba Tangiro ni mlima wa Burundi, na Mama Kuka alipewa na jirani katika mchezo.

"Mwalimu wako hakukosa," Bi Ofelia alisema. "Beti za huapango hutungwa palepale, kila mtu hutia lake. Angekuwa hapa ningembusu mikono. Lakini sisi tumeutangaza kama mfupa uliofukuliwa, Lyse. Watu wangu wana miji yao iliyozikwa. Watakuja kuililia. Siwezi kuwapa wa kuazima."

"Naelewa, Bi Ofelia."

"Kamati itaandika kitu cha upole."

Kamati iliandika kitu cha upole, na kila neno lake lilikuwa mlango unaofungwa na mtu mwenye adabu. Mwaliko ukaahirishwa bila tarehe. Habari zikatoka, kama maji yaliyomwagika yasivyozoleka. Mitandaoni vijana wa Meksiko waliandika kwamba Mwafrika wa Sydney amewatungia mji. Gazeti moja likasema kwa kifupi kwamba Tangiro haujawahi kuwapo.

Lyse alilisoma neno hilo mara nyingi. Haujawahi kuwapo. Kulijibu ilikuwa rahisi: angesema ulikuwapo, ulikuwa hapa na hapa, waliokaa ni hawa, na waliowajia ni wale. Jina lake yeye lingesafishika kwa siku moja, pengine hata kuruka zaidi ya pale lilipokuwa. Ingebidi tu aufungue mlima wa Bibi mbele ya watu, na kumwacha mama mzee amesimama juu yake mchana kweupe. Akanyamaza. Maonyesho mawili yakafutwa, na mpiga fidla wake, ambaye ni Mmeksiko, akaanza kuchelewa mazoezini, halafu akaanza kuomba radhi kwa kuchelewa, na radhi ndiyo iliyouma zaidi.

"Nani alikutuma?" Gitonga alimwuliza, wakiwa kwenye gari lake dogo. "Ungekaa kimya tu, dadangu. Nani angeenda Burundi kuuliza?"

"Bibi yangu anakaa Penrith."

"Ndiyo nasema. Penrith si Burundi."

"Kwa Bibi hapana tofauti kubwa. Kote jina hilo linamfuata."

Gitonga alikuna ndevu. Hakuwa mtu mbaya. "Sikia. Fairfield bado wanatutaka, ile sherehe ya bustanini. Mchana, familia, watoto, hakuna pombe. Lakini wanataka wimbo wa miji. Hawa wa hapa hawajali kama mji upo ama haupo. Tena sasa wanaupenda zaidi. Wanasema ndiyo mahali pa kuhamia, hakuna kodi ya nyumba."

Alicheka peke yake, kisha akaona uso wa Lyse, akawasha gari.

Lyse alikubali. Aliona njia moja iliyobaki, nyembamba kama uzi: atauimba wimbo, na lile jina ataliruka. Mahali pake ataacha pengo. Mama Kuka aliahidi katika ubeti kwamba Tangiro hautoi. Mwanafunzi wake hatautoa. Alimpigia Bibi kumwambia hivyo. Bibi alisikiliza, akakohoa.

"Sikukuomba," alisema.

"Najua. Nimeahidi mwenyewe."

"Haya. Ni baada ya kanisa?"

"Baada ya kanisa, Bibi."

"Nitamwambia Térence anilete. Nataka kusikia unavyoruka."

*

Siku hiyo jua lilikuwa kali, na bustani ilijaa hadi kwenye njia ya baiskeli. Wapiga ngoma wa Kirundi walitangulia, wakafuata wacheza ngoma wa Waashuri wa Fairfield, kisha Lyse akapanda. Kutoka juu alimwona Bibi Emerance pembeni, kwenye kiti cha kukunja, kitenge chake cha kanisani bado kina pasi, Térence amemsimamia na mwavuli. Ilikuwa mara ya kwanza Bibi kumtazama akiwa juu ya jukwaa. Hakupunga mkono. Alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya mkoba, kama watu wanavyokaa kwenye vyumba vya kusubiria.

Aliimba nyimbo mbili, na sauti ilikubali. Wa tatu ulikuwa wa miji. Besi ikaingia, vijana wakasogea mbele, akina mama wakawainua watoto mabegani. Niliutoa Tamuín, aliimba, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alijua alikuwa anazungumzia nani: wanawake wawili wa makamo na ua katikati, mmoja anapoteza nchi yake kwa furaha, mwingine anaipokea kwa heshima. Niliutoa Tanquián. Aliusikia mkono wa Mama Kuka ukimenya viazi. Akafika mstari wa tatu, uliobaki mkononi ni, akafunga mdomo.

Fidla ilishuka peke yake. Pengo lenyewe lilikuwa dogo, la pumzi moja.

Bustani nzima ikalijaza. Walilipaza jina kwa sauti za kila namna, za kiume na za kitoto, wengine nje ya mahadhi, wengine wakilikata mahali pasipokatika, mamia ya watu wenye kofia za jua wakiita kwa pamoja, wakicheka, wakifurahi kwamba mwimbaji amewaachia wao. Walidhani ni mchezo. Wakaita tena, maana besi ilizunguka na pengo likarudi.

Bibi Emerance aliinuka.

Aliinuka haraka kuliko magoti yake yalivyomruhusu, mkoba ukaanguka, na Térence akaushika mkono wake akidhani naye anaanguka. Bibi akauondoa mkono huo. Aligeuka upande huu, akageuka upande ule, akiwachungulia watu nyuso zao mmoja baada ya mwingine, mzee wa Kichina, msichana mwenye ndoo ya barafu, baba aliyembeba mtoto shingoni; anatafuta, kama mtu aliyesikia akiitwa sokoni kwa lugha ya kwao na anataka kujua ni nani, katika hawa wote, aliyetoka kule. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo. Lyse aliona kutoka juu kwamba alikuwa tayari kuitika.

Waliokuwa karibu naye walimtabasamia, wakampisha, wakidhani anataka kucheza.

Kisha taratibu, bila kushikwa, Bibi alikitafuta kiti kwa nyuma ya mkono, akaketi. Térence aliuokota mkoba, akaufuta vumbi, akamrudishia magotini. Ubeti ulikuwa umebakiwa na mstari mmoja, wa dhahabu, nao una jina lile lile ndani yake. Mpiga fidla alikuwa amemgeukia Lyse, upinde juu ya nyuzi, anamngoja.

Lyse alivuta pumzi.